Tovuti ni Mali ya Anayeitunza

KATIKA mwezi wa Agosti mwaka 2005, kundi la watengenezaji wa programu za kompyuta kutoka nchi mbalimbali lilijitenga na programu ya kujengea tovuti iliyokuwa ikiitwa Mambo. Watu hao walikuwa wakiifanyia kazi kwa kujitolea, nao waliona kwamba uongozi wake ulikuwa ukielekea kushikwa na kampuni moja ya Australia. Basi wakauchukua msimbo wa programu hiyo, yaani maandishi ya maelekezo ambayo kompyuta huyafuata, wakaanza upya chini ya jina jingine. Jina walilolichagua lilikuwa neno la Kiswahili, "jumla", likaandikwa kwa tahajia ya Kiingereza: Joomla. Walitaka dunia ifahamu kwamba kazi ile ilikuwa ya wote kwa pamoja.

Ni fahari kwa lugha ya Kiswahili kutoa jina la chombo kinachotumika duniani kote. Lakini fahari ya jina haitoshi. Swali lipasalo kuulizwa na kila shule, kila ofisi na kila chama cha ushirika chenye tovuti ni hili: je, wanashiriki katika jumla hiyo kama wenye mali, au kama wapangaji wasiojua hata ufunguo wa nyumba unakaa kwa nani?

Swali hili si la mafundi peke yao. Tovuti siku hizi ndiyo ubao wa matangazo wa taasisi. Mzazi huitafuta humo tarehe ya kufunguliwa shule. Mwananchi hutafuta fomu. Mnunuzi hutafuta bei ya asali au ya vikapu. Tovuti ikinyamaza, au ikionyesha jina la mkuu wa shule aliyekwisha hamishwa miaka mitatu iliyopita, mwananchi hailaumu kompyuta. Huilaumu taasisi, na haki anayo.

HURIA SI BURE

Sehemu kubwa ya tovuti za leo hujengwa kwa programu huria. Iliyoenea kuliko zote ni WordPress, ambayo ilianza kama chombo cha kuandikia blogu na sasa inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Nyingine ni Joomla iliyokwisha tajwa, na Drupal, iliyotolewa mwaka 2001 na Dries Buytaert wa Ubelgiji. Kwa upande wa maduka, WooCommerce huongezwa juu ya WordPress na kuigeuza tovuti ya kawaida kuwa duka lenye bidhaa, bei, kapu na hesabu ya shehena. Programu hizi zote hupatikana bila malipo, na hapo ndipo kosa la kwanza linapoanzia. Watu wengi husikia neno "huria" wakaelewa "bure", nao wakishaelewa "bure" hawatengi fedha wala mtu wa kuishughulikia tovuti.

Maana ya uhuria imeandikwa katika leseni. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa kutengeneza programu ambazo mtumiaji hatafungwa nazo, na mwaka 1989 ikatolewa leseni ya GPL, ambayo WordPress na WooCommerce zinaifuata hadi leo. Msingi wake ni haki nne: haki ya kuitumia programu kwa kazi yoyote, haki ya kuusoma msimbo wake na kuubadili, haki ya kuwagawia wengine nakala, na haki ya kuwagawia wengine hata ile nakala iliyobadilishwa. Katika haki hizo nne hakuna hata moja inayosema kwamba kazi itafanywa na mtu mwingine. Leseni inampa mtu shamba na jembe. Kulima ni juu yake.

Wapo wasemao kwamba taabu yote hiyo haina haja, maana mtu anaweza kufungua ukurasa katika mitandao ya kijamii kwa dakika tano na kuuza bidhaa zake humo. Hoja yao ina ukweli ndani yake, kwa sababu wanunuzi wengi wako huko, na mfanyabiashara mwerevu hufuata mahali penye watu. Lakini soko ni jambo moja na nyumba ni jambo jingine. Anayekaa katika uwanja wa mwenzake huondoka siku mwenye uwanja akitaka. Mwaka 2009 kampuni ya Yahoo iliifunga GeoCities, ambamo watu wa kawaida walikuwa wamejenga mamilioni ya kurasa kwa miaka zaidi ya kumi. Mwaka 2019 kampuni ya Google nayo ikaufunga mtandao wake wa Google+. Waliokuwa wameweka humo kazi zao walipewa muda wa kufungasha, basi. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

HAKI YA KUANZA UPYA

Thamani ya programu huria haionekani wazi siku za neema. Huonekana siku ya msiba, pale mtengenezaji anapochoka, anapogombana na wenzake au anapouza kampuni. Historia ya programu hizi imejaa siku za namna hiyo, na kila mara leseni ndiyo iliyoiokoa kazi.

WordPress yenyewe ilizaliwa hivyo. Ilitanguliwa na programu ndogo ya blogu iitwayo b2, iliyotengenezwa na Michel Valdrighi. Mwanzoni mwa mwaka 2003 kazi ya b2 ilisimama, na watumiaji wake wakabaki kama abiria ambao dereva wao ameshuka njiani. Kijana wa miaka 19 wa Marekani, Matt Mullenweg, aliandika kwamba leseni ya b2 inaruhusu mtu yeyote kuendelea kutoka hapo ilipofikia. Mike Little wa Uingereza akamjibu kwamba yuko tayari kushirikiana naye. Tarehe 27 Mei 2003 wakatoa toleo la kwanza la WordPress. Hawakuomba kibali cha mtu, kwa kuwa kibali kilikuwamo tayari ndani ya leseni.

WooCommerce nayo ina kisa chake, na kisa hiki kimetokea katika bara la Afrika. Kampuni ya WooThemes, yenye makao yake Cape Town, ilikuwa ikiuza sura za tovuti za WordPress. Mwaka 2011 iliuchukua msimbo wa programu ya duka iliyoitwa Jigoshop, ikawaajiri na watengenezaji wake wawili, ikatoa WooCommerce. Wenye Jigoshop hawakufurahi, na watu wengi walijadili kama tendo lile lilikuwa la uungwana. Kisheria lilikuwa halali, maana leseni ile ile iliyowaruhusu wao kujenga juu ya kazi ya wengine ndiyo iliyowaruhusu wengine kujenga juu ya kazi yao. Mwaka 2015 Automattic, kampuni aliyoianzisha Mullenweg, iliinunua WooThemes, na tangu hapo WooCommerce imekuwa chini ya kampuni hiyo.

Hapo pana somo jingine, nalo si tamu. Msimbo unaweza kuwa huria huku ghala unakochukuliwa likiwa mikononi mwa wachache. Hayo yalidhihirika mwaka 2024, ulipozuka mgogoro kati ya Mullenweg na kampuni ya WP Engine, ambayo hupangisha nafasi kwa tovuti za WordPress. Mwezi wa Septemba mwaka huo kampuni hiyo ilizuiwa kulifikia ghala la WordPress.org, na tovuti za wateja wake zikashindwa kuchukua masasisho moja kwa moja kama zilivyozoea. Mwezi uliofuata, programu ya nyongeza iliyokuwa ikitunzwa na WP Engine ikachukuliwa humo ghalani na kupewa jina jingine. Tarehe 10 Desemba 2024 mahakama moja ya California iliamuru kwamba, wakati kesi ikiendelea, mambo yarudishwe yalivyokuwa. Wateja wale hawakuwa na kosa lolote. Waliumia kama nyasi zinavyoumia fahali wawili wapiganapo.

Mtumiaji hawezi kuwazuia fahali hao, lakini anaweza kujiweka mahali ambapo hatakanyagwa. Njia ni kuhakikisha kwamba jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la taasisi yenyewe. Kwamba nakala ya tovuti nzima, maandishi, picha na hifadhidata, iko mikononi mwake na si kwa mpangishaji tu. Na kwamba mara moja moja nakala hiyo inajaribiwa kwa kufufuliwa katika kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

UFA NA UKUTA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huu haujapata mahali pa kuufaa kuliko katika utunzaji wa tovuti.

Tarehe 26 Januari 2017 WordPress ilitoa toleo la 4.7.2, ambalo ndani yake lilikuwa limeziba tundu la hatari: mtu asiye na ruhusa yoyote aliweza kubadili maandishi ya tovuti ya mwenziwe. Habari za tundu hilo zilifichwa kwa siku chache ili watu wapate nafasi ya kusasisha, kisha zikatangazwa tarehe 1 Februari. Katika siku zilizofuata, kurasa zaidi ya milioni moja ziliharibiwa na wahuni walioandika humo majina yao. Hazikuharibiwa kwa sababu programu ilikuwa mbovu, kwani dawa ilikuwa imekwisha tolewa. Ziliharibiwa kwa sababu wenyewe hawakuinywa. Tangu mwaka 2013 WordPress ina uwezo wa kujisasisha yenyewe kwa marekebisho madogo ya usalama, na tovuti zilizoachiwa uwezo huo zilipona.

Hatari iliyo kubwa zaidi hutoka katika programu za nyongeza, ambazo mafundi huziita plagini. Hizi ndizo zinazoongeza fomu, ramani, kalenda na mengineyo, na zipo makumi ya maelfu. Mwezi wa Septemba mwaka 2020 iligunduliwa kwamba plagini moja ya kupangia mafaili, iliyokuwa imewekwa katika tovuti zipatazo 700,000, ilikuwa na mlango wazi ambao mtu wa nje angeweza kuingia kwao na kufanya apendavyo. Wengi wa wenye tovuti hizo pengine waliitumia plagini hiyo siku moja tu, wakaisahau. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kuboresha tovuti ni kupunguza. Plagini isiyotumika iondolewe kabisa, isizimwe tu. Na kabla ya kuweka mpya, iangaliwe imesasishwa lini mara ya mwisho na ni nani anayeitunza.

Kanuni ya pili ni kutobadili kitu moja kwa moja mbele ya watu. Fundi mwangalifu hufanya majaribio katika nakala ya pembeni, na akiridhika ndipo huyahamishia katika tovuti yenyewe. Vilevile, anayetaka kubadili sura ya tovuti, ambayo mafundi huiita themu, hutengeneza themu mtoto inayorithi kutoka kwa themu mama. Asipofanya hivyo, siku themu mama inaposasishwa mabadiliko yake yote hufutika, naye hubaki akiilaumu programu kwa kosa ambalo si lake.

Kanuni ya tatu ni kumkumbuka msomaji. Wananchi walio wengi huifungua tovuti kwa simu, kwa bando walilolinunua kwa fedha zao. Picha ya mahafali iliyowekwa kama ilivyotoka katika kamera huweza kuwa na uzito wa megabaiti tano au zaidi. Ikipunguzwa kwa kiasi cha upana wa kioo cha simu, hubaki sehemu ndogo sana ya uzito huo, na jicho halioni tofauti. Picha kumi za namna hiyo katika ukurasa wa kwanza ni kodi ambayo mzazi hulipa ili kuona tarehe ya kikao. Tangazo lililopigwa picha na kupandishwa kama picha ni kosa jingine la kila siku: halisomwi na injini za utafutaji, halisomwi na chombo kinachomsomea kipofu, wala halikuzwi vema katika simu. Maandishi yaandikwe kama maandishi.

DUKA NA DAFTARI

Duka la mtandaoni lina adabu zake. WooCommerce inapowekwa huja na njia tatu za malipo zisizohitaji kampuni ya kati: kulipa kwa benki, kulipa kwa hundi, na kulipa mzigo unapofika. Malipo kwa simu, ambayo ndiyo mazoea ya Afrika Mashariki tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, huongezwa kwa plagini ya pekee, na hapo mwenye duka anapaswa kuchagua kwa uangalifu kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa ndipo fedha zinapopita.

Lakini kabla ya malipo kuna daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la duka la mtandaoni ni ile hesabu ya shehena iliyomo ndani ya programu. Ushirika wa wafuma vikapu ukiandika kwamba una vikapu 40, ukauza 15 mnadani na usipunguze hesabu, utakuja kuuza mtandaoni vikapu usivyokuwa navyo. Mnunuzi aliyelipa na kukosa kikapu harudi tena, wala hanyamazi. Hakuna programu, iwe huria au ya kununua, inayoweza kuhesabu vikapu vilivyomo stoo kwa niaba ya mtunza stoo.

Kadhalika, mnunuzi huacha jina lake, namba yake ya simu na mahali anapoishi. Hiyo ni amana. Nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya imekuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2019. Mwenye duka asikusanye asichokihitaji, na asimwachie kila msaidizi kuona kila kitu. Programu yenyewe imekwisha panga ngazi: WordPress ina msimamizi, mhariri, mwandishi, mchangiaji na msajiliwa, na WooCommerce huongeza meneja wa duka na mteja. Aghalabu ngazi hizi hazitumiki. Ofisi nzima huingia kwa nywila moja ya msimamizi, iliyobandikwa ukutani kwa karatasi, na siku jambo likiharibika hakuna awezaye kujua ni mkono wa nani.

FUNGUO KATIKA MAKABIDHIANO

Hapa ndipo suala hili linapowahusu hasa watumishi wa umma. Ofisa anapohamishwa hukabidhi ofisi kwa orodha: meza, kabati, mihuri, vitabu vya stakabadhi, funguo za gari. Ni ofisi ngapi zenye orodha ambayo ndani yake imeandikwa nani amesajili jina la tovuti, ada yake inalipwa lini, nywila ya msimamizi iko wapi na nakala ya akiba imehifadhiwa katika chombo gani? Pasipo orodha hiyo, tovuti huondoka na mtu. Mara nyingi ni kijana aliyeijenga kwa mkataba wa miezi mitatu, akasajili jina kwa anwani yake ya barua pepe, akaenda zake. Hakuiba kitu. Aliachiwa tu kila kitu.

Taasisi za serikali nchini Tanzania zina Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019, na miongozo yake haina budi kufuatwa. Lakini hakuna mamlaka itakayokaa katika kila shule na kila zahanati kubadili tangazo lililopitwa na wakati. Hiyo ni kazi ya mahali penyewe, nayo hutaka mambo matatu yasiyo makubwa: mtumishi aliyetajwa kwa jina katika mgawanyo wa kazi, pamoja na msaidizi wake, muda uliotengwa kila wiki, na fungu dogo la fedha kila mwaka kwa ajili ya jina, nafasi katika seva na mafunzo. Taasisi iliyookoa gharama ya leseni kwa kutumia programu huria yafaa itumie sehemu ya akiba hiyo kumlipa mtu wa kuitunza.

MWALIMU NA MSIMBO

Kwa walimu lipo jambo la ziada, ambalo programu ya kununua haiwezi kulitoa. Msimbo wa WordPress uko wazi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuufungua, kuusoma, kuharibu nakala yake katika kompyuta ya shule na kuirekebisha, bila kuvunja sheria yoyote. Tovuti ya shule inayotunzwa na klabu ya wanafunzi chini ya mwalimu mmoja mwangalifu ni karakana, kama karakana za useremala zilivyokuwa.

Wala mchango si wa msimbo pekee. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ile ilionyesha kwamba msemaji wa Kiswahili si lazima angoje kampuni ya ng'ambo iamue kama lugha yake ina faida. Programu za tovuti nazo hutafsiriwa na watu wa kujitolea, neno kwa neno, na mwalimu wa Kiswahili ajuaye tofauti ya "hifadhi" na "akiba" ana kazi humo ambayo fundi wa kompyuta hawezi kuifanya vizuri peke yake. Tovuti ya duka inayomwambia mnunuzi wa Tandahimba aendelee kulipa kwa maneno ya Kiingereza imemfukuza kabla hajafungua pochi.

Watu waliolichagua neno "jumla" mwaka 2005 walikuwa wakisema kwamba kazi ya wengi haipaswi kumilikiwa na mmoja. Jambo hilo ni kweli pia kwa upande wa pili: kazi ya wengi haiwezi kutunzwa na mmoja, wala na asiyejulikana. Kila mkuu wa shule, kila katibu wa ushirika na kila mkuu wa idara anaweza kuanza wiki hii kwa kuuliza maswali manne: jina la tovuti yetu limesajiliwa kwa nani, nani ana nywila ya msimamizi, programu ilisasishwa lini, na nakala ya akiba iko wapi. Ikiwa hata moja halina jibu, basi kazi ya kwanza imekwisha patikana.